Kichwa cha Kuku Kilimtazama Nani

Barua, barua, kila mtu anaimba barua! Eti Wan-ju angeandika karatasi moja ya kuacha kazi, akaiacha mezani, akajiondokea zake, kwani kuna ugumu gani? Wanaosema hivyo hawajawahi kukalishwa mbele ya Meneja Pang akiwa ameshika birika. Wakalishwe kwanza, ndipo waje kufungua midomo.

Maana Wan-ju alijaribu. Hsiao Wan-ju, binti wa marehemu fundi pikipiki, wa ile ofisi ya bima ghorofani hapa Chiayi, Taiwan, kitengo cha malalamiko. Kazi yake kutwa ni kupokea simu za watu waliogongwa, waliogonga na waliojigonga wenyewe, halafu kuwaambia kwa sauti tamu kwamba suala lao linashughulikiwa. Hiyo ya mchana. Alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajakohoa, yuko kwenye mdomo wa uchochoro na bamba lake la moto, anamimina uji wa unga, anapasua yai juu yake, anarusha vitunguu vya majani, anakunja, anakata, anafunga. Chapati za mayai. Watu wa pikipiki wanasimama hata taa haijawa nyekundu. Muda wa ofisi ukikaribia anazima moto, anavaa helmeti juu ya nywele zinazonuka vitunguu, anakimbia. Kwenye lifti watu wanavuta pua, wanaulizana nani ameingia na chai ya asubuhi.

Biashara ilikuwa inanenepa, mwenyewe anakonda. Ikafika siku akapokea simu ya mteja wa bima akasema, "Nikuwekee pilipili au nisiweke?" Mteja gari lake lilikuwa limeangukiwa na mti. Akakata simu.

Wiki hiyohiyo Bi Fang akamwita. Bi Fang anauza tofu, ile jibini ya soya, kwenye kona ya lango la soko, pale ambapo anayeingia na anayetoka wote lazima wapite wamkanyage miguu. Mama wa domo yule, mcheza karata, akishindwa anatukana, akishinda anatukana zaidi. Goti lake moja limegoma, na binti yake wa pwani ya mashariki anamwita akapumzike huko.

"We mtoto," akamwambia Wan-ju huku anakata tofu, "kona nakuachia wewe. Ila nataka mtu wa kusimama hapa tangu soko linafunguliwa mpaka linafungwa. Sitaki mtu wa nusu siku. Kona ikilala inapoa, na ikipoa wateja hawairudii, hata ukichoma ubani."

"Nipe muda kidogo, Bi Fang."

"Muda niutoe wapi? Mwaka Mpya ukiisha tu naondoka. Usipokuja, anachukua yule." Akaonyesha kwa kidevu kijana wa makava ya simu, ambaye alikuwa ameegemea nguzo anaipima kona kwa macho kama fundi cherehani anayepima kiuno cha bibi harusi.

"Huyo? Makava ya simu kwenye lango la soko la chakula? Watu watatafuna plastiki?"

"Anakuja kila siku. Na wewe, unakuja kila siku?"

Kijana wa makava akacheka kwa sauti. Wan-ju akatamani kumtupia kipande cha tofu usoni, lakini tofu ilikuwa ya mtu.

Sasa sikiliza kwa nini hakuacha kazi palepale. Kazi ile aliombewa. Meneja Pang alisoma darasa moja na marehemu baba yake, na mama yake Wan-ju alikwenda kwa Pang na maboksi ya keki za nanasi, akainama mpaka kofia ikaanguka, ndipo binti akaingia. Tangu hapo mtaa mzima unajua kwamba binti wa mama yule anafanya kazi kwenye kiyoyozi. Ukienda kwake kuomba chumvi utapewa chumvi na habari ya kiyoyozi.

Wan-ju alipomgusia habari ya kona, mama aliweka kisu chini.

"Uache kiyoyozi ukasimame kwenye moshi? Baba yako amekufa ana grisi kwenye kucha ili wewe uwe na kucha safi."

"Mama, kucha zangu zinanuka vitunguu tangu mwaka juzi."

"Kanawe!" Mama akachukua tena kisu, akakata figili kama inamdai. "Nisikilize. Pang ndiye aliyekuingiza, Pang ndiye atakayekutoa. Siku akikuambia nenda, kwa mdomo wake, mbele ya watu, mimi sitanyanyua hata nyusi. Ukitoroka kama mwizi, kitandani utanikuta, siamki, sili, na kila jirani nitamwambia wewe ndiye uliyeniua."

Na angefanya. Mama yule akisema atalala, analala.

Basi ikabaki kazi ya kumfanya Meneja Pang atamke neno moja. Rahisi, eh? Ngoja uione chai.

Pang ni mtu mpole, mnene kidogo, hajawahi kumfokea mtu. Kumbe upole ndiyo silaha yake. Kwenye ofisi yake kuna meza ya chai, na chai ni ya milima ya Alishan, ya shamba la shemeji yake. Ukiingia na uso wa mtu anayetaka kuacha kazi, anakujua kabla hujafunga mlango.

"Aa, Wan-ju! Kaa, kaa."

"Meneja, nina jambo moja dogo tu la..."

"Jambo litakimbia? Kaa kwanza."

Anaosha vikombe. Anamwaga maji ya kwanza. Anamimina. Sasa mkubwa akikumiminia, wewe unagonga meza kwa vidole kushukuru, unanyanyua, unanusa, unasifia. Huwezi kugonga meza kwa shukrani halafu kwa mdomo huohuo useme naondoka. Unameza. Unafungua mdomo. Anamimina. Anakupa habari ya shemeji yake na nyani wanaochuma chai mbichi. Unafungua mdomo. Anamimina. Anakuuliza hali ya mama. Hapo tena utasema nini? Vikombe ni vidogo kama kifuniko cha chupa lakini haviishi, na baada ya muda tatizo lako si kazi tena, tatizo lako ni choo. Unainuka umebana miguu, unainama, unasema, "Asante kwa chai, Meneja," unakimbia. Ukitoka chooni umeshaandikwa zamu ya Jumamosi.

Wan-ju aliingia kwa chai hiyo mwezi wa mizimu, joto likiwa bado kali, akarudi tena baada ya sikukuu ya mbalamwezi ya vuli, akajaribu tena baridi ilipoanza. Mara zote choo kilishinda. Siku ya mwisho alikwenda haja kabla ya kuingia na hakunywa maji tangu asubuhi, amejipanga kama mwanajeshi. Pang akafungua kopo jipya, akaleta na karanga za chumvi.

Dada Chiu wa uhasibu alimkuta kwenye ngazi anapiga ukuta teke.

"Umekunywa?" Dada Chiu akauliza.

"Nimekunywa!"

"Pole. Mimi nilikwenda kuacha kazi mwanangu akiwa chekechea. Sasa ananyoa ndevu."

"Dada, mimi sitakufa hapa."

"Sote tulisema hivyohivyo. Chai yenyewe tamu, tatizo ndilo hilo."

Ndipo shetani akamkalia Wan-ju begani. Karamu ya kufunga mwaka ilikuwa inakaribia, ile ambayo kampuni inakodi ukumbi, inalisha wafanyakazi, kila kitengo kinapanda jukwaani kucheza ngoma ya aibu, halafu kura ya zawadi inachezeshwa watu wanagombea jiko la wali. Na kwenye karamu hiyo kuna kuku. Kuku mzima wa kuchemsha, amekatwakatwa akapangwa upya, na kichwa chake kimekaa mbele kama yuko hai. Mdomo ukimwelekea mtu, huyo mwaka mpya hana kazi. Zamani bosi alikuwa anakielekeza mwenyewe bila kusema kitu, na mtu anakula akijua. Siku hizi vijana wanasema mambo hayo ni ya mababu, hakuna anayejali. Sawa. Nenda ukae mbele ya mdomo ule uone kama mate yatapita.

Mhudumu mmoja wa ule ukumbi hununua chapati kwa Wan-ju kila asubuhi. Wan-ju akamwongezea yai la pili bila kuombwa.

"Unataka nini?" mhudumu akauliza. Watu wa Chiayi hawadanganyiki na yai.

"Siku ya karamu yetu, kuku wa meza ya Meneja Pang, mlete kichwa kikinitazama mimi."

"Una homa? Watu wananibembeleza nikifiche kichwa chini ya bawa!"

"Mimi nakitaka. Kinitazame machoni. Nitasimama, nitasema nimeelewa, nashukuru, kwaherini. Pang atakubali au atakataa mbele ya watu, na mezani pale hakuna birika lake."

Mhudumu akamsogezea tena chapati yake. "Weka na jibini," akasema.

Mpango ulikuwa mzuri. Kosa lake lilikuwa moja, tena la kijinga, la mtu aliyekula kwenye meza zile tangu ana meno ya utotoni: alisahau kwamba meza inazunguka.

Siku ikafika. Kitengo cha malalamiko kikacheza ngoma yake ya aibu, Meneja Pang mbele kabisa, kavaa nywele za bandia za njano mpaka mabegani, anatikisa nyonga huku anahesabu hatua kwa midomo. Wakarudi mezani wanahema. Pang hakuvua zile nywele, alisema zinamtia joto. Watu kumi wamezunguka meza, Wan-ju kaenda kukaa moja kwa moja mbele ya Pang, Dada Chiu pembeni yake. Mhudumu akaja na sinia, akalitua kwenye kile kisahani kikubwa cha katikati kinachozunguka. Mdomo wa kuku, tiki, usoni kwa Wan-ju. Roho ikamruka kwa furaha. Akavuta pumzi, akashika kingo za meza ili asimame.

Dada Chiu akaona kichwa. Mama wa watu, kwa huruma zake, akakizungusha kisahani.

"Nataka samaki," akasema.

Mdomo ukaenda ukamtazama kijana wa kompyuta. Kijana, mkewe mjamzito, akabadilika rangi. "Na mimi nataka... uyoga." Akasukuma.

"Uyoga uko mbele yako, mwongo we!" akasema jirani yake, kisha akaona mdomo umesimama kwake. "Hebu mchuzi huo!" Akasukuma kwa nguvu.

"Dada Chiu, kirudishe!" Wan-ju akanong'ona.

"Nirudishe nini? Nimekuokoa, mjinga!"

"Sikutaka kuokolewa!" Wan-ju akanyoosha mkono akakivuta upande wake, mwingine akakivuta kwake, mwingine akakizuia kwa kijiko. Bakuli la supu ya mapezi ya papa likamwagikia kitambaa. Kuku anazunguka meza kama anatafuta mdaiwa wake. Watu wazima, wengine wana wajukuu, wanatajana vyakula kwa kupiga kelele na hakuna aliyekula hata punje.

Katikati ya vurugu hilo Mkurugenzi Mkuu Liao akafika na glasi yake. Mzee huyo hupita kila meza kuwapongeza watu, na ni mzee wa zamani, wa zama zile kuku alikuwa na maneno yake. Meza nzima ikasimama, mikono yote ikaachia kisahani. Kisahani hakikusimama. Kikaendelea taratibu, taratibu, kikapita kwa kijana wa kompyuta, kikampita Dada Chiu, kikagota.

Mdomo wa kuku ulikuwa unamtazama Meneja Pang.

Mkurugenzi akamtazama kuku. Akamtazama Pang, na zile nywele za njano. "Aisee, Pang," akasema. Basi. Hakucheka. Hata meza za jirani zikageuka kutazama.

Wan-ju anasema, na hajawahi kukana, kwamba kwanza alisikia utamu. Utamu mtupu! Kunywa chai yako sasa! Jasho lilikuwa linamtoka Pang chini ya zile nywele, linafuata shavu, na mkono wake umeshika glasi ambayo hakuna wa kumjazia. Laiti angekuwa na birika. Wan-ju angeacha tu dakika moja ipite, watu wangelibeba lile neno mpaka ghorofani, na yule mzee angeanza kumhesabia Pang siku zake za kustaafu.

Lakini pia akaona uso wa mtu aliyelia kwenye mazishi ya baba yake Wan-ju kuliko ndugu wa damu. Na tukiacha huruma pembeni, maana Wan-ju si malaika, akapiga hesabu: Pang akiondoka, nani atatamka lile neno? Neno la bosi mpya mama yake hatalitambua.

Akainuka. Akanyoosha vijiti juu ya meza nzima, mkono unapita kwenye masahani ya watu, akakinyanyua kichwa cha kuku, akakitia kwenye bakuli lake.

"Samahani, Mkurugenzi. Hiki ni changu. Kimeletwa kikinitazama mimi, hawa wakakizungusha kwa woga wao."

Akakifyonza. Palepale, mbele ya Mkurugenzi, na sauti yake. Kijana wa kompyuta akafumba macho.

Mkurugenzi akainamisha kichwa. "Binti, umekila kwa njaa, au unaacha kazi?"

"Naacha kazi. Nakwenda kuuza chapati za mayai sokoni, kutwa nzima."

"Chapati." Mzee akalionja lile neno. "Na nani amekuruhusu?"

Macho yote yakamgeukia Pang. Kona, mama, vikombe vyote vile, kila kitu kilikuwa kimening'inia kwenye mdomo wa mtu mmoja mwenye nywele za njano.

Pang akaweka glasi mezani. Akamtazama Wan-ju, akatazama lile bakuli lenye mifupa midogo. Kisha mtu yule mpole akadanganya, tena alidanganya kwa ufundi, bila kupepesa.

"Mimi nimemruhusu, Mkurugenzi. Tangu kabla ya vuli. Tulilizungumza ofisini kwa kirefu, tukinywa chai."

"Kwa kirefu sana," akasema Wan-ju.

"Nikamwambia, nenda. Kijana akitaka kusimama kwa miguu yake, huwezi kumkalisha kitini daima." Sauti ikaanza kumpanda, akajipenda. "Mimi sizuii watu, Mkurugenzi. Siyo tabia yangu."

Dada Chiu akapaliwa na soda mpaka akapigwa mgongoni.

Mkurugenzi akacheka, akagonganisha glasi na Wan-ju kwanza, kisha na Pang, akaenda meza nyingine. Pang akakaa kwa kishindo. Nywele zikamshuka puani. "Mama yako ataniua," akanong'ona.

"Hapana, Meneja. Ataniua mimi. Wewe atakuletea keki."

Asubuhi yake mama alikuwa ameshapata habari zote. Alikuwa anafagia mahali pasipo na uchafu.

"Umekula kichwa cha kuku mbele ya Mkurugenzi Mkuu."

"Ndiyo, mama."

"Na ubongo?"

"Na ubongo."

"Haya." Akafagia. "Pang amesema nenda?"

"Kwa mdomo wake. Mbele ya watu. Muulize Dada Chiu."

Mama akasimamisha ufagio. Alitafuta tundu la kutokea, ukaona kabisa anatafuta. "Nilisema akikuruhusu kwa mdomo wake. Sikusema akiwa amevaa nywele za mwanamke!"

"Hukusema pia kwamba avue."

Mama akamgeuzia binti yake mgongo, akafagia mpaka barabarani. Kitandani hakulala. Ila mpaka leo anazunguka mtaa mzima kwenda kununua mboga lango la nyuma, asipite kwenye kona na kuonekana. Halafu anawatuma majirani wakanunue chapati, wakirudi anawahoji: amepika na mafuta mengi? Amevaa soksi? Na akiulizwa na mgeni binti yake yuko wapi, anasema kampuni imempeleka nje. Nje ni kweli, hata paa hakuna.

Bi Fang akaondoka Mwaka Mpya ulipoisha, akaacha kona na matusi ya kuagia. Wan-ju amesimama pale sasa, tangu soko linafunguliwa mpaka linafungwa. Msidhani ni raha. Kahawa ya ofisi hakuna, mvua ikinyesha wateja wanakimbia, na bamba la moto limemchora mkononi. Kuna siku alibaki na sufuria zima la uji wa unga akaenda kulimwaga huku anasonya.

Na yule wa makava bado yupo! Ameweka kimeza chake pembeni kabisa ya kona, kila siku anakisogeza kidogo, anafikiri hatuoni. Anawaambia watu kwamba ikifika sikukuu ya kufagia makaburi, mwezi wa nne, yule dada atakuwa amesharudi kwenye kiyoyozi chake akilia. Kamati ya soko nayo ni watu wa macho: wanaangalia mahali pana watu, wanaangalia mahali pana hewa, halafu wanaamua nani anasimama wapi mwaka mzima. Wanapita mwezi huu.

Kwa hiyo kumsifia kwenye simu haitoshi, na kumwonea huruma ndiyo kabisa hatutaki. Amka mapema, njoo langoni. Agiza mbili, moja ya mayai tupu, moja ya vitunguu na pilipili. Usichukue kwenye mfuko ukaondoka. Simama upande wa kushoto, palepale kwenye kimeza cha makava, upanue viwiko, utafune polepole. Yule kijana akikuambia sogea, agiza ya tatu.